Mabano

Mimi ndiye ninayeandika (Makofi).
Mimi ndiye ninayeandika (Kicheko).
Wakipiga meza naandika meza,
kisha nafuta, maana mwongozo wa idara
hauitambui meza.

Siku ya nne ya mjadala: tubaki au tutoke.
Upepo wa Dodoma unapenyeza vumbi chini ya mlango wetu,
linatua kwenye K ya kubaki na K ya kutoka,
na K ni hiyo hiyo moja, imeanza kufutika.

Spika masikioni, narudisha sauti.
Mheshimiwa Gwandumi, dakika ya tatu:
"Muungano ni ndoa, na mke mwema haondoki usiku."
(Makofi)
Mheshimiwa Faki Hija, dakika ya saba:
"Ndoa gani hiyo, mahari hatujaiona?"
(Makofi)
Yalitoka upande mwingine, hayo,
lakini makofi yakishafika karatasini hayana upande.

Ndoa. Narudisha. Ndoa.

Mwezi wa pili nilimsindikiza dada yangu Mbeho
baraza la kata, Chang'ombe, chumba cha mabenchi mawili.
Yeye na Mlewa, miaka kumi na tisa, basi.
Mwenyekiti, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi,
hakuuliza nani anampenda nani.
Aliuliza mifuko ya saruji alinunua nani.
Deni la kikoba limebaki shilingi ngapi.
Mbuzi walioachwa Bahi wamezaa mara ngapi.
Na huyu wa mwisho, akishikwa na homa usiku,
anaitwa nani?
Mlewa akakohoa. "Nguzo za shamba la zabibu
nilizinunua kwa hela yake. Niandikieni hivyo."
Hakuna aliyempigia makofi.
Aliondoka na nusu ya mabati na baiskeli,
akarudi mlangoni kuchukua kofia aliyoisahau.

Huku kwetu, siku nne, sijaandika shilingi hata moja.
Damu nimeiandika mara thelathini na moja.
Waasisi, hadi vidole vinakwenda vyenyewe.
Wa kubaki anasema tukitoka tutachinjana,
wa kutoka anasema tukitoka tutashiba,
na kitabu cha hesabu, kile kinene, kiko mbele ya kila kiti,
bado kimo ndani ya nailoni yake.

Jioni nawakuta Gwandumi na Faki Hija
kibanda cha nyama, Area C, sahani moja ya figo,
mmoja anamkamulia mwenzake ndimu.
Sisemi ni dhambi. Watu hula.
Ila nilisikia, nikipita: "Hapo una haki, lakini..."
Sentensi hiyo sijawahi kuichapa.

Bi Mchanga wa Wete, anayeuza karafuu soko la Majengo,
ananiuliza kila nikinunua:
"Mama yangu akifa kule, nitaombwa pasi kwenda kumzika?
Wameshalisema hilo?"
Bado, Bi Mchanga.
"Basi wanasema nini kutwa nzima?"
Ananipimia, anaongeza punje mbili.

Leo, saa kumi na moja kasoro, akasimama Mheshimiwa Nsolo,
yule wa viti vya nyuma ambaye kipaza sauti chake hukoroma.
Alikuwa amechana nailoni; niliisikia.
Akataja gharama ya kutoka. Akataja gharama ya kubaki.
Akasema, "Na upande wangu, Mheshimiwa Spika,
nao umeruka ukurasa wa arobaini na mbili."
Akaulizwa: je, bandari?
Akasema, "Sijui."
(Kicheko)
Akasubiri kiishe. "Sijui. Na ninyi hamjui."

Kisha, sekunde tisa. Nimezihesabu mara tatu.
Hata kengele ya muda ilichelewa.
Mwongozo wa idara, kurasa sitini, hauna mabano yake,
nikayabuni: (Kimya).

Rasimu imerudi sasa hivi kutoka kwa mhariri.
Amelizungushia wino mwekundu,
na pembeni, kwa mwandiko wake wa haraka:
Nani kasema?